Gitaa nilijifunza mtaani, sasa uzamili unaniuliza 'kwa nini?'

UKISEMA hapa Kaloleni kwamba unasomea muziki, swali la kwanza huwa ni lile lile. "Omera, si wewe ushajua gitaa? Huko unaenda kufunzwa nini tena?" Kinyozi ameniuliza. Jamaa wa tuktuk ameniuliza. Ukiongeza kwamba hii ni digrii ya pili, shahada ya uzamili, na kwamba somo lenyewe linaitwa nadharia ya muziki, watu hucheka kabisa. Kwao nadharia ni kitu mtu husoma akishindwa kupiga ala.

Niko wiki ya nne darasani. Ni mapema mno kujiita msomi, lakini ni muda wa kutosha kuona jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijajisajili. Darasa hili halifunzi kupiga, wala halifunzi kusoma noti, maana linaamini hayo umekuja nayo. Linakuhoji kuhusu vitu ambavyo vidole na masikio yako yamekuwa yakifanya miaka yote bila kuhojiwa na mtu.

Na kwa sisi wa huku ziwani, tuliolelewa na benga, ohangla na kwaya za solfa, ndani ya mahojiano hayo kuna swali moja zito. Je, vipimo tunavyopewa vinatosha kupima muziki wetu, au tutatoka hapo tukiuona muziki wa nyumbani kama kitu kilichokosewa? Kuna vijana wengi Kisumu wanaopiga vyombo vikali na wanaowaza kusoma zaidi. Hii hapa ni picha ya kinachowangoja.

Siku ya kwanza ni penseli

Hakukuwa na "karibuni, kila mtu ajitambulishe". Tulipewa karatasi zenye ile mistari mitano mitano, tukaambiwa tutoe penseli. Sehemu ya kwanza: mhadhiri anapiga wimbo mfupi kwenye piano mara nne, wewe unauandika. Ya pili: umepewa sauti ya besi, ongeza tena, alto na soprano. Ya tatu: ukurasa mmoja wa Mozart, eleza kinachoendelea humo.

Tuko saba. Walimu wawili wa sekondari, mpiga kinanda wa kanisa kutoka Kakamega, dada aliyefanya mitihani ya piano ya Uingereza tangu shule ya msingi, prodyusa wa studio ya Kondele, mwimbaji wa kwaya kutoka Siaya, na mimi ambaye gitaa la harusini ndilo limenilipia nauli miaka mingi.

Dada wa piano alimaliza sehemu ya pili kabla wengine hawajachonga penseli. Lakini mhadhiri alipofunga piano na kutuwekea rekodi ya benga yenye gitaa mbili, akauliza gitaa la pili linafanya nini, darasa zima lilimgeukia prodyusa. Jamaa aliimba sauti ya gitaa la pili kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na yale mapengo. Mwimbaji wa Siaya naye alikuwa ameandika ule wimbo wa piano kwa herufi za solfa pembeni, kisha akauhamisha kwenye mistari. Wimbo ulikuwa sahihi.

Hilo la solfa nililipenda. Wengi wetu tulianzia hapo: do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi ubaoni kanisani au shuleni. Ni mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaufikisha kwetu pamoja na vitabu vya nyimbo. Shule nazo zikaukuza, hasa kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya ambalo limekuwepo tangu 1927. Kuna watu huidharau solfa wakidhani ni ya wasiojua noti. Darasani imeonekana kinyume. Mtu wa solfa hasikii noti peke yake. Anasikia uhusiano wa kila noti na do yake, na uhusiano ndio chakula cha nadharia. Shida humpata tu muziki unapohamisha do kila baada ya sekunde chache.

Sheria ya nani?

Ukianza kuandika sauti nne, unakutana na sheria. Iliyo maarufu zaidi ni hii: sauti mbili zikiachana kwa umbali wa hatua tano, tuseme do na so, haziruhusiwi kupanda au kushuka pamoja zikiwa zimeshikilia umbali huo huo. Ukifanya hivyo, kalamu nyekundu inakuzuru.

Kilichonifurahisha ni kwamba safari hii tuliambiwa sababu. Kwenye shahada ya kwanza unaambiwa "usifanye", basi. Kwenye uzamili unaulizwa, "Kwa nini Johann Sebastian Bach, aliyefariki 1750, aliliepuka jambo hili?" Jibu ni kwamba yeye na wenzake walitaka sauti nne zinazosikika kama watu wanne, kila mmoja na njia yake. Sauti mbili zikitembea sambamba kwa umbali ule, sikio huanza kuzisikia kama sauti moja iliyonenepa. Mtu mmoja amepotea.

Sasa nenda Dodoma. Waimbaji wa Kigogo huachanisha sauti zao kwa hatua nne na tano, zikatembea sambamba mchana kutwa, na uimbaji wao ni kati ya ule unaoheshimiwa sana Afrika Mashariki. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki 2003, aliupeleka muziki wa kwao katika majukwaa ya dunia akiwa na ilimba na zeze. Hakuna aliyemwambia arekebishe. Wagogo hawatafuti watu wanne wenye njia nne. Wanatafuta huo unene wenyewe.

Kwa hivyo sheria ya Bach ni ya kweli, ila ni ya nyumba fulani. Ukipeleka kanuni za soka kwenye raga utampa kila mtu kadi nyekundu.

Nyatiti, simu, na ugomvi wa wiki ya pili

Wiki ya pili mhadhiri aliingia na rekodi ya nyatiti na simu yake. Wengi mnaijua nyatiti hata kama hamjawahi kuigusa: kile kinubi cha Kiluo chenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavu mbele yake, mikono yote miwili iko kwenye nyuzi. Kidole gumba cha mguu kina pete ya chuma inayogonga ubao, njuga zinalia mguuni, na wakati huo huo mtu mwenyewe anaimba. Mtu mmoja, kazi ya bendi nzima. Kama umewahi kusikia "Koth Biro" ya marehemu Ayub Ogada, hata kama ni kupitia filamu ya The Constant Gardener ya 2005, basi umeisikia nyatiti.

Mhadhiri aliwasha ile programu ya simu ya kutyuni gitaa, akaisogeza karibu na spika. Mshale ukayumba na kusimama kati ya noti mbili. Uzi uliofuata, hivyo hivyo. Rangi nyekundu kila mahali.

"Daktari, hii ala haikutyuniwa vizuri," akasema mmoja wa walimu.

Prodyusa hakumwacha amalize. "Hapana, bosi. Mimi hao wazee nawarekodi. Mtu anakaa nusu saa anatyuni kabla hajaimba neno moja. Anasikiliza, anakaza, anasikiliza tena. Unasemaje hajui anachotafuta?"

Hapo darasa likawaka. Wengine walisema hali ya hewa hulegeza nyuzi. Wengine walisema rekodi za zamani hukimbia. Mhadhiri alituacha kwa dakika kumi hivi, kisha akauliza swali moja: nani aliamua mshale uwe mwekundu?

Tukaanza kufungua ile programu. Inagawanya umbali kati ya do ya chini na do ya juu katika hatua 12 zinazolingana. Kila hatua ina senti 100, jumla senti 1200. Hizi si senti za mfukoni, ni kipimo kilichobuniwa na Mwingereza Alexander Ellis, na utamu wa hadithi ni kwamba katika makala yake ya 1885 alikitumia kuonyesha kwamba mataifa mbalimbali yana ngazi za sauti tofauti, na hakuna moja iliyo ya asili kwa binadamu wote. Ile noti la ya kutyunia, mitetemo 440 kwa sekunde, nayo ni makubaliano ya mkutano uliofanyika London 1939. Watu waliketi, wakakubaliana, ikawa.

Halafu akatuvusha mpaka hadi Uganda. Kwenye amadinda, marimba ya Baganda, do hadi do imegawanywa katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Piga hesabu: 1200 gawa kwa tano ni 240. Kwenye piano utapata 200, utapata 300. Hiyo 240 haipo. Programu ya simu itaita marimba yote ya Buganda nyekundu kuanzia ubao wa kwanza hadi wa mwisho, na marimba itakuwa imetyuniwa kwa umakini mkubwa.

Kazi ya nyumbani ikawa kupima nyuzi zote nane za nyatiti ile na kuandika senti zake. Maneno mawili yalipigwa marufuku: "chini kidogo" na "juu kidogo". Maana chini ya nini?

Nikiwa kwenye matatu ya kurudi Kisumu nilifikiria zile shoo ambazo tumepiga pamoja na mtu wa nyatiti. Kila mara ni yeye huombwa akaze nyuzi zake zifuate kinanda, na kinanda hakijawahi kumfuata yeye. Prodyusa aliniambia ya studio ni hayo hayo. "Nikiweka ototyuni kwa sauti ya mzee inatoka safi," alisema, "lakini nikimchezea, anauliza huyo anayeimba ni nani."

Moja iko wapi?

Tujaribu kitu. Hesabu moja hadi sita, polepole, ukirudia bila kukatika. Mkono wa kulia ugonge mezani kwenye moja, tatu na tano. Wa kushoto ugonge kwenye moja na nne. Ukiweza kushikilia hiyo huku ukizungumza na mtu, umeshika tatu dhidi ya mbili, na hapo ndipo muziki mwingi wa ukanda huu unapoishi.

Kuipiga ni rahisi. Kuiandika ndiyo balaa, kwa sababu karatasi inataka ujue "moja" iko wapi. Tulipewa kipande cha ohangla, ngoma tupu bila sauti, tuweke mistari ya kugawanya mapigo. Watu saba walileta majibu matatu. Kila mmoja aliweza kulitetea lake.

Mhadhiri akasema tusimame tucheze.

Fikiria walimu wawili wa sekondari wenye mashati ya kuchomekea wakiambiwa wacheze ohangla saa nne asubuhi. Lakini ndani ya nusu dakika miguu yote saba ilikuwa inashuka chini pamoja, hata ya wale waliokuwa wameweka mistari mahali kwingine. Mabega yalikuwa yanafanya jambo la pili juu ya lile la miguu. "Sasa andikeni," akasema. Mwanafunzi wa nadharia Ulaya anaweza kumaliza kazi yake akiwa ameketi. Huku, anayesikiliza tu bila kuujua mchezo amepata nusu ya habari, na hilo wataalamu kama Mghana Kwabena Nketia, aliyeandika The Music of Africa mwaka 1974, walilisisitiza sana: muziki huu umefungamana na mwili na shughuli yake.

Kuna jingine lililonikosesha usingizi. Kwenye amadinda, wachezaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja na mfululizo wake, noti za mmoja zikiingia katika mapengo ya mwingine. Kasi ni kubwa. Sikio likishindwa kuwafuata wawili hao, hukusanya noti zilizo karibu karibu na kutengeneza nyimbo mpya ambazo hakuna mtu anayezipiga. Mwaustria Gerhard Kubik, aliyefunzwa marimba na Mganda Evaristo Muyinda, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1962. Wachezaji wenyewe walikuwa wakilijua. Kuna hata mchezaji wa tatu ambaye kazi yake ni kuudaka mmoja wa nyimbo hizo za ndani na kuurudia juu kwenye mbao mbili za mwisho.

Nikarudi kusikiliza benga nikiwa na hilo kichwani. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyefariki hapa Kisumu 2006, na wenzake wa kizazi chake walihamishia uchezaji wa nyatiti kwenye gitaa: noti moja moja zinazokimbizana, gitaa likijibu sauti ya mwimbaji, besi ikiwa mbele. Mara ngapi umejaribu kuiga laini ya benga ukagundua gitaa moja haliwezi kuitoa? Huenda laini uliyoisikia haikupigwa na mtu yeyote. Ilizaliwa kati ya gitaa mbili, ndani ya kichwa chako.

Wimbo uliozika nyanya

Somo lililotulia zaidi, na lililouma zaidi, lilihusu nyimbo za kanisa.

Dholuo ni lugha ya toni. Kitenzi kile kile kinaweza kusema jambo limekwisha au linaendelea kwa tofauti tu ya sauti kupanda au kushuka. Mtunzi wa asili wa Kiluo anajua hilo bila kuambiwa, wimbo wake hufuata maneno. Lakini chukua wimbo wa Kiingereza, tafsiri maneno, acha melodia ilivyo. Sasa melodia inapanda mahali ambapo neno linataka kushuka. Waumini huelewa kwa sababu wameuzoea. Mgeni anayeusikia mara ya kwanza huenda akapotea. Kofi Agawu, Mghana ambaye ni kati ya majina makubwa ya nadharia ya muziki duniani leo, aliandika mwaka 2016 kwamba mfumo huu wa hamonia za Ulaya ulifanya kazi ya kikoloni Afrika. Uliingia kwa upole, kupitia kwaya, na ukafunga milango ya njia nyingine ambazo muziki wetu ungeweza kupita.

Kimya. Kisha mpiga kinanda wa Kakamega akasema, "Prof, nyanya yangu tulimzika na hizo nyimbo. Alizipenda mpaka mwisho. Nimwambie nani kwamba ni ukoloni?"

Nilidhani atajibiwa kwa nadharia. Alijibiwa kwa upole. Mhadhiri alisema Agawu hamwambii mtu aache kuimba. Anataka tuhesabu vyote viwili, kilichoingia na kilichotoka, na mtu anaweza kulia na wimbo na bado akajua ulikotoka. Jamaa alitikisa kichwa kukubali, ila si kabisa. Nadhani hata mimi bado sijakubali kabisa. Wiki hiyo Jumapili nilisikiliza kwaya kwa masikio mengine, na adhana ya jirani ilipoingia katikati, kwa ngazi yake isiyojali piano, nilijua mtaa wangu umekuwa na nadharia zaidi ya moja siku zote.

Tumtupe Schenker?

Huwezi kusoma nadharia ngazi hii bila kukutana na Heinrich Schenker, aliyeishi Vienna na kufariki 1935. Mbinu yake ni kama kuchambua samaki. Unaondoa mapambo safu kwa safu mpaka unabaki na mifupa, na anadai chini ya kila kazi kubwa kuna mifupa ya aina moja. Inafanya kazi, na ukiijua unasikia Beethoven kwa mbali kuliko zamani.

Lakini Schenker aliamini ukubwa huo ni wa watunzi wachache, karibu wote Wajerumani, na maandishi yake yana dharau ya wazi kwa watu wasio weupe. Mwaka 2019 Philip Ewell, profesa Mmarekani mweusi, alisimama mbele ya wanadharia wenzake mjini Columbus, Ohio, akasema fani nzima imejengwa ndani ya fremu ya kizungu ikijifanya ni ya watu wote. Makala yake yakatoka 2020, na ugomvi uliofuata ulifika hadi kwenye magazeti ya kawaida.

Darasani tuligawanyika. Wanne wakasema tumtupe, muda huo tuutumie kwa nyatiti. Watatu wakasema tukimtupa kabla hatujamjua, hatutakuwa na la kusema tukikaa meza moja na watu wa vyuo vya nje. Mimi niko upande wa hao watatu, kwa sababu ya kibinafsi kabisa: nataka nikisema "rula hii haitoshi", asiwepo mtu wa kuniambia nasema hivyo kwa kuwa sijui kuitumia.

Tena si kwamba tunaanza sifuri. Mwaka 1963, Kenya ilipohitaji wimbo wa taifa, kamati ya watu watano ilikaa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua melodia ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, wakaipa hamonia. Ile kazi ni mtihani wetu wa sehemu ya pili, ila wao walikuwa wakiandikia nchi nzima. Omondi baadaye akawa profesa, na utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha London ulihusu thum, hicho hicho kinubi cha Kiluo. Senoga-Zake akaandika Folk Music of Kenya. Mlango ulifunguliwa kitambo. Ni sisi tumechelewa kuingia.

Itakulipa?

Mama aliposikia hadithi za kodi za gitaa aliuliza, "Wuoda, hizo kodi zenu zitalipa kodi ya nyumba?" Swali la haki.

Uzamili wa muziki hautakuletea shoo. Mwenye harusi haulizi cheti. Unachofungua ni ualimu wa chuo, utafiti, uhariri wa muziki, utunzi wa filamu, na kazi za hifadhi ya sauti. Shuleni pia mambo yanabadilika. Mtaala mpya umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa moja kati ya njia tatu za sekondari ya juu, na Gredi ya 10 wa kwanza walianza Januari 2026. Hao watahitaji walimu wanaojua muziki wa kweli. Iwapo watakaotengeneza vifaa vya kufundishia ni watu wanaoona nyatiti kuwa nyekundu, watoto wa Manyatta na Nyalenda wataifundishwa hivyo.

Kama unawaza kuja, mambo matatu. Kwanza, noa masikio kabla ya karatasi. Chagua rekodi moja kila siku, imba besi yake, kisha imba gitaa la pili. Pili, jifunze noti hata kama solfa unaimudu, maana hakuna atakayekungoja. Tatu, usije na aibu ya mtaa. Chuo Kikuu cha Maseno, hapo tu kwenye barabara ya Busia, kinafundisha muziki, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina historia ndefu ya somo hilo. Kote huko, mtu aliyekulia kwenye matanga ya ohangla ana kitu ambacho dada wa mitihani ya Uingereza ananiomba nimweleze, nami namwomba anieleze Bach. Tunakula chakula cha mchana tukibadilishana.

Insha ya muhula tayari tumepewa. Chagua muziki wa unakoishi, uchambue kwa mbinu yoyote, ila kuna sharti: lazima uorodheshe maneno ambayo wapigaji wenyewe hutumia kwa kila sehemu ya muziki huo, kwa lugha yao. Kwa Dholuo, thum ni ala na thum ni muziki, na mpigaji ni jathum. Baada ya hapo maneno yangu yaliisha. Kila uzi una jina gani? Mtu akiharibu, jaduong' humwambia nini? Akipatia, humsifu kwa neno gani? Hayo maneno ndiyo nadharia, na vitabu vingi havinayo.

Kwa hivyo wikendi zangu sasa ni za kutembelea wazee. Nawe kama una babu au mjomba anayepiga nyatiti au orutu na bado ana nguvu, huhitaji digrii yoyote kufanya sehemu yako. Weka simu mezani, washa kinasa sauti, zima ile programu ya kutyuni, kisha mwulize aanze na uzi wa kwanza.